Baba na masikio yake: kifaa ni cha mazungumzo, si chanjo ya usahaulifu

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 74, yuko Korogwe. Alifanya kazi kwenye korona, ile mitambo ya kuchakata mkonge, zaidi ya miaka 20. Siku hizi redio anaifungulia mpaka majirani wanalalamika, na ukimsemesha anajibu mambo mengine kabisa. Kaka yetu aliyeko Marekani ametutumia ujumbe kwamba utafiti umethibitisha mtu asiyesikia anapata ugonjwa wa kusahau, na kifaa cha masikio kinauzuia kwa nusu. Muuzaji mmoja mjini naye katuambia hivyo hivyo, na bei aliyotaja ni ya ng'ombe wawili. Je, ni kweli? Tuuze? Na hakuna dawa ya kumeza badala yake?

Jibu: Marahaba, dada. Pole na kazi ya kupaza sauti kutwa.

Nianze na ng'ombe, maana ndio wenye haraka. Msiwauze wiki hii. Huenda kweli baba anahitaji kifaa cha kusikia (kwenye karatasi za serikali utakikuta kimeandikwa shimesikio), lakini hiyo "nusu" ya kaka yako na ya muuzaji imenyofolewa kutoka kwenye utafiti wenye maelezo marefu kuliko ujumbe wa simu. Kifaa kinanunuliwa ili mtu aongee na watu wake. Anayekiuza kama chanjo ya usahaulifu anauza mali ambayo watafiti bado hawajamkabidhi.

Kwanza nieleze kinachotokea sikioni, kwa sababu watu wengi wanadhani mzee wa namna hii amepunguziwa sauti kama redio, na kwamba dawa yake ni kuongeza. Nyuma ya ngoma ya sikio na vile vifupa vitatu vidogo kuna koklea, mrija uliojikunja kama konokono, wenye ukubwa wa punje ya njegere. Ndani yake zimepangwa seli zenye vinyweleo. Kila sikio lina takriban 15,000: kama 3,500 hupeleka habari kwenye ubongo, na zile 12,000 nyingine hukuza sauti ndogo ili zisikike. Ikifa moja, imekwenda. Kuku wako wa uani akiharibikiwa seli hizo huota nyingine, jambo ambalo wanasayansi walilithibitisha miaka ya 1980, lakini binadamu hatukubahatika.

Seli hizo hazifi kwa mpigo. Zinaanza zile za mlangoni mwa konokono, zinazopokea sauti nyembamba. Na kwenye sauti nyembamba ndiko yaliko makali ya herufi kama s, f, t, k, ch na sh. Irabu ni nzito na zina nguvu, kwa hiyo zinabaki. Sasa chukua Kiswahili chetu, ambacho karibu kila silabi inamalizikia kwa irabu. Ukisema "paka", kinachomfikia baba ni "a-a". Ubongo wake unajaza mapengo: kata? taka? pata? saka? Anachagua linaloelekea. Wewe umemwambia amfukuze paka, yeye anakujibu kwamba taka zilishamwagwa jana. Hajachanganyikiwa. Amekisia, akakosa.

Ndiyo maana atakuambia "nasikia, ila mnatafuna maneno". Anasema kweli kabisa. Sauti anaisikia, maneno hayamfikii. Na ukipandisha sauti kupita kiasi atakuruka: "Mbona unanigombeza?" Hilo nalo lina maelezo. Seli za kukuza sauti ndogo zikifa, nafasi kati ya "sisikii" na "unaniumiza" inakuwa nyembamba sana. Mtu wa dakika moja iliyopita aliyekuomba upaze sauti ndiye huyo huyo anayeziba masikio. Familia nyingi huona ni ukorofi wa uzee. Si ukorofi.

Kuhusu korona. Muulize baba kama alipokuwa kazini alilazimika kupiga kelele ili mwenzake aliyesimama umbali wa mkono amsikie. Akisema ndiyo, basi mngurumo ule ulikuwa unapita au kukaribia desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kiwango ambacho mtu akikaa nacho saa nane kwa siku, miaka nenda rudi, masikio hulipa. Kwa mzee kama huyu huwezi kukata kwa kisu ukasema hapa ni uzee, hapa ni mkonge. Mwaka 2020 watafiti wa Boston walichapisha uchunguzi wa masikio 120 ya watu waliokwisha kufariki, waliyoyakata vipande vyembamba na kuhesabu seli chini ya darubini. Kwa miongo mingi vitabu vilifundisha kwamba kinachochoka zaidi kwa mzee ni ile tishu inayozipa seli hizo umeme, kama betri ya sikio. Wao wakakuta kosa kubwa liko kwenye seli zenye vinyweleo zenyewe. Tena zilikuwa zimepotea nyingi kuliko kwa wanyama wa maabara wanaozeeka kwenye vibanda tulivu, jambo linalofanya kelele za maisha zishukiwe.

Swali hilo lilishaulizwa Afrika zamani. Daktari Samuel Rosen wa New York na wenzake walikwenda kwa Wamabaan, kwenye eneo ambalo leo ni Sudan Kusini, karibu na mpaka wa Ethiopia, wakachapisha vipimo vyao mwaka 1962. Walikuta wazee wanaosikia vizuri ajabu kuliko wazee wa Marekani wa rika lao, katika vijiji visivyo na mashine wala bunduki. Wengi wakaimba kwamba uziwi wa uzee ni uziwi wa kelele tu. Mimi siendi mbali hivyo. Umri wa wale wazee ulikuwa wa kukadiria, na shinikizo lao la damu lilikuwa chini vilevile, kwa hiyo huwezi kuisifia kimya peke yake. Lakini kila ninapompima mtu aliyetoka kwenye mashine ya kusaga au karakana ya kuchomelea, nawakumbuka Wamabaan.

Sasa usahaulifu.

Habari hii ilianza kupata nguvu mwaka 2011, pale Frank Lin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walipochapisha ufuatiliaji wa watu 639 wa Baltimore. Walikuwa wamepimwa masikio mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakiwa na akili timamu, kisha wakafuatiliwa kwa takriban miaka 12. Waliokuwa na upungufu mdogo wa kusikia walipata demensia (huo ugonjwa wa kusahau) karibu mara mbili ya wenye masikio mazima. Upungufu wa kati, mara tatu. Upungufu mkubwa, mara tano. Hiyo "mara tano" imezunguka dunia nzima, na ninaikuta hata kwenye vipeperushi. Ila fungua jedwali lao: katika wale 639, wenye upungufu mkubwa walikuwa watu sita. Sita tu. Na wote waliopata demensia, kundi zima, walikuwa 58. Utafiti ni wa heshima na uliwaamsha watu, lakini hiyo mara tano imesimama kwenye mguu mwembamba.

Hata ingekuwa mguu mnene, kufuatana si kusababishana. Inawezekana ubongo unaohangaika kujaza mapengo ya maneno kutwa nzima unabakiwa na nguvu kidogo ya kukumbuka. Inawezekana mzee asiyesikia anajitenga barazani, na upweke ndio unaomla. Na inawezekana kabisa mishipa ile ile iliyochoka kwa presha na kisukari inaharibu sikio na ubongo kwa pamoja, sikio likitangulia tu kuonekana. Kwa hayo mawili ya kwanza kifaa kinaweza kusaidia. Kwa hili la tatu, hata ukimvika kifaa cha dhahabu, ubongo utaendelea na safari yake.

Jopo la kimataifa linaloandika kwenye jarida la The Lancet kuhusu kuzuia demensia limekuwa likiuweka upungufu wa kusikia miongoni mwa mambo makubwa yanayoweza kurekebishwa. Mwaka 2017 liliupa asilimia 9, mwaka 2020 asilimia 8, na 2024 asilimia 7. Maana yake: kama upungufu huo ndio unaosababisha, na kama ungeondolewa wote duniani, hiyo ndiyo sehemu ya demensia ambayo isingetokea. "Kama" hizo mbili ndizo zinazopotea njiani kabla habari haijafika kwenye simu ya kaka yako.

Na kuna kisa kimoja ambacho huwasimulia wanafunzi wangu. Aprili 2023, jarida la The Lancet Public Health lilichapisha uchambuzi wa data za UK Biobank, hazina kubwa ya taarifa za afya za Uingereza, ukionyesha kwamba wasiosikia wasiotumia vifaa walikuwa hatarini zaidi, ilhali watumiaji wa vifaa walikuwa salama kama watu wenye masikio mazima. Dunia ikashangilia. Desemba mwaka huo huo makala ikaondolewa. Kwenye programu ya kuchakata takwimu, lebo za makundi mawili zilikuwa zimebadilishana nafasi: waliotumia vifaa walihesabiwa kama wasiotumia, na wasiotumia kama wanaotumia. Waandishi wenyewe walikiri. Lakini jumbe zilizotumwa Aprili hazikurudi kwa watumaji. Bado naziona zikisambazwa, na sitashangaa kama ule wa kaka yako una damu yake.

Kwa hiyo kulihitajika jaribio la kweli, la kupanga watu kwa kura. Likafanyika, na matokeo yalitoka Julai 2023, pia kwenye The Lancet. Linaitwa ACHIEVE. Wazee 977 wa miaka 70 hadi 84, katika sehemu nne za Marekani, wote wakiwa na upungufu wa kusikia usiotibiwa na akili zao bado nzuri. Nusu walipewa vifaa pamoja na vikao vya mtaalamu wa usikivu. Nusu nyingine walipewa mafunzo ya kuzeeka kwa afya njema, ana kwa ana na mkufunzi, ili nao wasikose mtu wa kuwashughulikia. Wakafuatiliwa miaka mitatu, wakipimwa kumbukumbu na fikra.

Kwa wote 977 kwa pamoja, hakukuwa na tofauti. Hilo ndilo jibu la swali kuu la jaribio, na ndilo muuzaji hakulisema.

Halafu kuna "nusu" yenu. Katika wale 977, 238 walitoka kwenye utafiti wa zamani wa magonjwa ya moyo ulioanza mwaka 1987, uitwao ARIC. Hawa walikuwa wazee zaidi, wenye vihatarishi vingi zaidi, na kumbukumbu zao zilikuwa zinashuka haraka. Kwao, kifaa kilipunguza kasi ya kushuka kwa asilimia 48. Wale 739 wengine walikuwa wa kujitolea kwa tangazo, wenye afya nzuri, na akili zao hazikushuka sana kwa miaka mitatu, na vifaa au bila vifaa. Huwezi kumzuia mtu kuteleza mahali ambapo hatelezi. Watafiti walikuwa wamepanga tangu mwanzo kuyatazama makundi hayo kando kando, kwa hiyo si ramli ya baadaye. Hata hivyo kilichopimwa ni alama za majaribio ya kufikiri, si idadi ya waliougua demensia. Asilimia 48 ya mwendo wa kushuka, kwa watu 238, kwa miaka mitatu. Mpaka ikavuka bahari ikawa "inazuia kwa nusu".

Mimi naliamini tumaini hilo kiasi. Mzee wa miaka 74 mwenye maisha ya kelele, hasa kama ana presha au kisukari, anafanana zaidi na wale 238 kuliko wale 739. Kama angekuwa baba yangu, ningelihesabu kama ziada juu ya mzani, kama muuza nyanya anapokutupia moja baada ya kulipa. Nisingelilipia.

Ninachokilipia ni kile ambacho hakina ubishi mkubwa: mzee kuongea na watu. Mwaka 2025 watafiti hao hao wa ACHIEVE walitoa taarifa nyingine mbili ambazo hazikupigiwa ngoma. Moja inasema waliopewa vifaa walianguka mara chache zaidi, kwa takriban asilimia 27, katika miaka ile mitatu. Nyingine inahusu watu ambao mzee huwa na mazoea nao. Wasiopewa vifaa walikuwa wakipoteza watu hao mmoja mmoja, na mwisho wa miaka mitatu waliovaa vifaa walikuwa wamebaki na mtu mmoja zaidi. Mtu mmoja. Kwenye karatasi ni namba ndogo. Barazani kwa baba yako, ni yule mwenzake wa bao.

Umeuliza dawa ya kumeza. Hakuna. Watu wamejaribu. Nchini Uholanzi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wazee 728 walipewa foliki asidi, ambayo ni vitamini, au kidonge bandia kisicho na dawa, kwa miaka mitatu. Waliokunywa foliki walipungua kwa desibeli 1.0 kwenye sauti nzito, wenzao 1.7. Tofauti ya desibeli 0.7 baba hawezi kuihisi hata ukimlipa. Tena Wauholanzi hawakuwa wakitia foliki kwenye unga, ilhali unga wa viwandani hapa kwetu huongezewa. Kampuni moja ya Marekani, Frequency Therapeutics, ilitengeneza dawa ya kuchoma kupitia ngoma ya sikio ili seli zenye vinyweleo ziote upya. Februari 2023 ikatangaza kwamba dawa haikufanya vizuri kuliko ile bandia, ikaachana nayo. Nasema haya kwa sababu mtakutana na chupa zenye picha ya sikio na maneno matamu. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa, na kwa seli hizi mpaka leo ni kweli bila mafumbo. Na tafadhali, mtu asimtie mafuta ya moto, maji ya kitunguu wala kijiti cha pamba.

Basi mfanye nini? Leo jioni, redio ikiwa imezimwa, simama nyuma ya baba, umbali wa urefu wa mkono, asikuone midomo. Azibe sikio moja kwa kidole huku akikisugua kile kinyama cha mbele ya tundu. Toa pumzi yote kwanza, halafu nong'ona vitu vitatu: "tano, ka, saba". Avirudie. Akikosea, mpe vitatu vingine: "fu, sita, nne". Akipata angalau vitatu kati ya sita, sikio lililo wazi limefaulu. Asipofikisha, apimwe. Kisha sikio la pili. Kipimo hiki ni cha zamani, hakigharimu hata shilingi, na kikifanywa hivyo kinaaminika kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya pili ni hospitali yenye daktari wa masikio, pua na koo. Kabla ya mashine yoyote, mtu amulike tundu la sikio. Nimeshaona wazee walioandikiwa vifaa vya gharama, kumbe nta imejaa imekuwa ngumu kama sabuni ya mche. Ikitolewa, redio inashuka siku hiyo hiyo. Mwambieni daktari na dawa zote alizowahi kutumia, hasa sindano za kifua kikuu, gentamisini, au kwinini, kwa kuwa zipo zinazoumiza masikio. Asiache dawa yoyote kwa uamuzi wa nyumbani.

Kisha apimwe kwenye chumba tulivu, avae visikizi, abonyeze kila anaposikia mlio. Mtapewa grafu. Usiogope ile karatasi. Kulia kwake sauti ni nyembamba, kushoto ni nzito, na alama zinavyoshuka chini ndivyo anavyosikia kidogo. Duara jekundu ni sikio la kulia, msalaba wa bluu ni la kushoto. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, chini ya desibeli 20 ni kawaida, 20 hadi 35 ni upungufu mdogo, 35 hadi 50 wa kati, na 50 hadi 65 wa kati ulioelekea kuwa mkubwa. Kwa baba natarajia mteremko wa kwenda kulia, pengine na shimo karibu na hezi 4000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), ambalo ni nyayo za mashine.

Karatasi hiyo ndiyo itakayoamua habari ya ng'ombe, na pia habari ya kaka yako. Tangu tarehe 17 Oktoba 2022, Marekani imeruhusu vifaa vya kusikia kuuzwa dukani bila cheti cha daktari kwa watu wazima wenye upungufu mdogo au wa kati, na mwaka 2024 hata visikizi vya simu vya Apple vikapewa idhini ya kufanya kazi hiyo. Jaribio moja la Chuo Kikuu cha Pretoria, lililochapishwa 2023, liliwalinganisha watu waliojipangia kifaa wenyewe kwa programu ya simu na waliopangiwa na mtaalamu. Baada ya wiki sita hapakuwa na tofauti ya maana. Walikuwa wachache, chini ya 70, na walikuwa wenye upungufu wa daraja hilo hilo. Kwa hiyo alama za baba zikiangukia huko, kaka anaweza kununua na kutuma, na bei itashangaza ng'ombe wenyewe. Zikishuka zaidi, kifaa cha dukani kitampa kelele bila maneno, na hapo mnahitaji mtaalamu. Vile vikuza sauti vya bei poa vinavyouzwa stendi viacheni. Vinapandisha kila kitu, na mlango ukipigwa mzee anaruka.

Mkifika kwa muuzaji, ulizeni kama atampima baba akiwa amevaa kifaa, kwa mrija mwembamba unaoingizwa kwenye tundu la sikio kuona sauti inayofika kweli. Ulizeni kama mnaweza kukirudisha baada ya wiki kadhaa. Ulizeni mtakirekebisha wapi kikikwama, na mara ngapi bila malipo. Kwenye ACHIEVE watu hawakupewa kifaa wakaagwa: walikuwa na vikao vinne mwanzoni na kingine kila miezi sita. Muuzaji akikasirika kwa maswali haya, hilo ni jibu pia.

Wiki za kwanza ni ngumu. Bibi mmoja alinirudishia kifaa kimefungwa kwenye pindo la kanga, akasema kina mashetani. Tulipokivaa tena tukagundua shetani ni kanga yenyewe inavyochakarika, na sahani zikigongana, na nyayo zake mwenyewe sakafuni. Alikuwa hajazisikia kwa miaka kumi au zaidi. Tulikishusha kidogo, akaanza kuvaa saa mbili kwa siku, sebuleni tu, na mtu mmoja. Kosa lake jingine lilikuwa la betri. Zile ndogo zenye stika huamshwa na hewa. Yeye alibandua stika za zote sita siku moja ili "zipate hewa vizuri", na baada ya muda mfupi zote zikafa zikiwa kwenye pakiti. Stika hubanduliwa siku ya kutumia tu. Kwenye joto la kwenu, na jasho, kifaa kilale ndani ya chupa yenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, mlango wa betri ukiwa wazi.

Nanyi nyumbani, msimsemeshe mkiwa jikoni yeye yuko uani. Msogelee, aone uso, anza kwa kutaja jina lake au "baba", subiri ageuke, halafu sema polepole kidogo bila kupiga kelele. Asiposikia, usirudie neno lile lile mara tano. Badilisha: badala ya "paka", sema "yule mnyama amepanda mezani". Mnampa ubongo wake kamba ya kushika.

Mambo machache hayasubiri miadi. Sikio likizima ghafla, ndani ya siku moja hadi tatu, mpelekeni siku hiyo hiyo, kwa maana kuna matibabu ya steroidi ambayo hufaa yakianza mapema. Vivyo hivyo likizima upande mmoja tu, likitoa usaha au damu, likiambatana na kizunguzungu kikali au uso kupinda.

Na mkiona anasahau kweli, si kukosa maneno tu, anapotea njia anayoijua au anarudia swali baada ya dakika mbili hata akiwa ameelewa jibu, mwambieni daktari hilo peke yake, msilifungie kwenye mafaili ya masikio. Nimeona wazee wakiitwa wamechanganyikiwa kwa sababu hawakusikia maswali ya daktari. Nimeona na kinyume chake, usahaulifu ukisingiziwa masikio kwa miaka miwili. Akipimwa kumbukumbu, apimwe akiwa anasikia.

Presha yake na sukari mlizipima lini mara ya mwisho? Hizo ni za bei ndogo, na kwa ubongo wake nazo zina uzito. Anzeni na hizo, nta, na ule mnong'ono wa jioni. Mkipata grafu, piga picha uniletee, na ng'ombe wabaki malishoni mpaka tuisome.